Mbwa wa Jirani na Swali la Nani Alijua

Kwa miaka minne sasa nimekuwa na desturi ambayo majirani zangu wengi huiona kuwa kituko. Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Uluguru, humvisha mbwa wangu ukanda wa shingoni, nikashika kamba, na tukatembea kwa dakika 40 hivi katika mitaa ya pembezoni mwa mji wa Morogoro, ninakoishi. Anaitwa Simba, jina ambalo mbwa wengi wa nchi hii wamepewa, ingawa huyu wangu kwa tabia ni mwoga kuliko mbuzi. Watoto waendao shule hutucheka. Mama mmoja auzaye vitumbua huniuliza mara kwa mara, kwa heshima zote, "Mwalimu, hivi mbwa naye anahitaji mazoezi?" Nami humjibu kwamba mwenye kuhitaji mazoezi ni mimi, mbwa ananisindikiza tu.

Kituko hicho kingebaki kuwa mzaha wa mtaani lau si nyumba ya saba kutoka kwangu. Nyumba hiyo ina ukuta mrefu, geti la chuma, na mbwa watatu ambao hufunguliwa usiku ili walinde. Alfajiri mlinzi hufungua geti afagie mbele ya nyumba, na mbwa hutoka. Ukipita peke yako, huenda wakabweka na kukuacha. Ukipita na mbwa mwingine, mambo hubadilika: watatu wanamzunguka mmoja, mmoja anajificha kati ya miguu ya bwana wake, na bwana wake, mwenye shahada ya uzamivu, anazungushwa na kamba kama pia.

Nimejifunza namna ya kupita pale kwa kufanya makosa. Mara ya kwanza niliinama kuokota jiwe. Mbwa wa miji yetu anaijua ishara hiyo tangu utotoni, na wengi hukimbia; hawa hawakukimbia, walizidi kukasirika. Mara ya pili nilimvuta Simba kwa nguvu hadi kamba ikakaza, nikajua baadaye kwamba kamba iliyokaza humwambia mbwa wako kuwa kuna hatari, naye huanza kupigana kabla hajapigwa. Sasa nafanya hivi: nafupisha kamba bila kuivuta, nasimama kati ya Simba na wale watatu, sikimbii, siwakazii macho, nasogea kimshazari taratibu hadi tuvuke mpaka wanaouona kuwa ni wao. Nikiwa na mwavuli, naufungua ghafla mbele yao. Mwavuli umenisaidia kuliko mawe yote ya mtaa huu.

Lakini siku moja, nikiwa nimeushika mwavuli huo katika asubuhi isiyo na hata wingu, nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mapema zaidi, kwa kuwa historia ndiyo kazi inayonilisha: kwa nini maarifa haya yote ni wajibu wangu mimi mpita njia? Nani aliamua, na lini, kwamba mbwa wa mtu akiwa barabarani, anayetakiwa kujihadhari ni yule anayepita?

Nilikwenda kumwona mwenye nyumba. Ni mzee mstaafu, mtu wa watu, ambaye mtaa mzima humwamkia. Nilimkuta barazani anasikiliza redio. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Karibu kiti." Tulijuliana hali, tukaongea habari za mvua na bei ya mahindi, kisha nikaingia katika shida yangu kwa kuzunguka kama ilivyo adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Mwalimu, mbwa wangu hawana neno. Miaka yote hawajamuuma mtu. Hao wanamchukia huyo wako kwa sababu umemfunga. Mbwa aliyefungwa huwatia wenzake hasira." Nilishukuru, nikaaga. Nilipofika getini nikainua macho. Kibao kilikuwa palepale, rangi nyekundu juu ya bati jeupe: MBWA MKALI.

Tuanzie kwenye kibao hicho, maana kina ukoo mrefu.

Katika mji wa Pompeii nchini Italia, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 baada ya Kristo, kuna nyumba ambayo wachimbuaji waliipa jina la Nyumba ya Mshairi wa Tanzia. Sakafuni mlangoni mwake pamewekwa picha ya vijiwe vidogo ya mbwa mweusi aliyefungwa mnyororo, na chini yake maneno ya Kilatini ya kumtahadharisha aingiaye. Zingatieni mambo mawili. Mbwa yule amefungwa. Na maandishi yale ni ya lugha ya mwenye nyumba mwenyewe, kwa ajili ya wageni wake. Sheria ya Roma nayo haikutosheka na picha. Tangu Sheria za Meza Kumi na Mbili, katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, mnyama wa mtu akileta hasara, mwenye mnyama alilazimika ama kulipa ama kumtoa mnyama huyo kwa aliyedhuriwa. Baadaye mahakimu waliosimamia masoko na barabara walitoa amri iliyokataza kuweka mbwa, nguruwe mwitu, dubu, simba na wanyama wa namna hiyo mahali ambapo watu hupita. Katika orodha ile mbwa yumo pamoja na simba. Kwa Warumi, barabara ilikuwa ya wapita njia.

Kibao cha Afrika Mashariki kina historia tofauti. Nchini Kenya, hasa Nairobi, maneno yaliyoenea getini ni "Mbwa Kali". Mwanafunzi wa darasa la nne atakwambia kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa mbwa ni kiumbe chenye uhai na upatanisho wake ni "mbwa mkali". "Kali" isiyo na kiambishi tunaitumia kwa dawa, homa na sheria. Kosa hili si la bahati mbaya. Ni mabaki ya Kisetla, Kiswahili kilichovunjwavunjwa na walowezi ili wawaamuru wapishi, watumishi wa shambani na walinzi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini na wafanyabiashara, na katika Kiswahili cha namna hiyo ngeli zilionekana kuwa anasa. Kibao kile kiliandikwa kwa Kiswahili katika makazi ya watu waliozungumza Kiingereza wao kwa wao. Hapa hahitajiki mtaalamu wa isimujamii kutueleza kiliandikwa ili kisomwe na nani.

Miji yetu ya kikoloni ilipangwa kwa rangi. Dar es Salaam ilikuwa na uzungu­ni, uhindini na uswahilini, na kanuni za ujenzi zilihakikisha kila upande unabaki upande wake. Mbwa wa uzunguni alikuwa sehemu ya mpango huo kama ulivyokuwa ukuta. Alifugwa kulinda mali, na katika kulinda alizoea sura za wale aliopaswa kuwabwekea. Si hapa tu. Mwaka 1803 jeshi la Wafaransa liliagiza mbwa kutoka Cuba ili kuwinda Waafrika waliokuwa wakipigania uhuru wao katika kisiwa cha Saint-Domingue, ambako leo ni Haiti. Na mwezi Mei 1963 mbwa wa polisi waliachiwa juu ya waandamanaji weusi katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, mbele ya kamera. Wahenga wetu waliliweka jambo hili kwa maneno machache: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Uhuru ulipokuja, tuliingia katika nyumba zile na kuvirithi vibao. Tulirekebisha sarufi, angalau upande huu wa mpaka. Tulichoacha bila kurekebisha ni mantiki yake, yaani kwamba kibao kikishaning'inizwa, wajibu umehama kutoka kwa mwenye mbwa kwenda kwa mwenye miguu.

Na sheria je? Hapa naomba wanafunzi wangu wa sheria wanivumilie, kwa kuwa naingia shambani kwao. Amri ya Baraza la Mfalme kuhusu Tanganyika ya mwaka 1920 iliingiza nchini sheria ya Kiingereza itokanayo na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hiyo si ya makumbusho. Bado imo katika sheria zetu, na mahakama zetu bado huirejea pale ambapo Bunge halijatunga kitu kingine. Katika furushi lililoteremshwa siku hiyo mlikuwamo kanuni moja ya zamani kuhusu wanyama wanaofugwa: mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa anawajibika ikithibitika kwamba alijua kuwa mbwa wake ana tabia hiyo. Asiyejua hana deni, isipokuwa mdai aweze kuthibitisha uzembe kwa njia nyingine. Wanasheria wa Kiingereza wenyewe waliifanyia mzaha kanuni hii kwa kusema kila mbwa ana haki ya kuuma mara moja bure.

Ajabu ya kanuni hii inaonekana ukiangalia waliondolewa nani kwanza. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomfanya mwenye mbwa alipe kila mbwa wake anapodhuru kondoo au ng'ombe, bila mdai kulazimika kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua lolote. Wenye mashamba walikuwa na wabunge. Ama mguu wa mtu, uliendelea kusubiri swali la nani alijua, na hata Sheria ya Wanyama ya Uingereza ya mwaka 1971, iliyoziandika upya kanuni hizo, haikuliondoa swali lile kwa mbwa anayemuuma mtu. Kondoo wa Kiingereza wa mwaka 1865 alikuwa na ulinzi ambao postamani wa Kiingereza hakuwa nao. Sisi tulipokea furushi zima.

Nisieleweke kwamba hatuna sheria zetu. Tunayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayomtaka mfugaji amtunze mnyama wake, na Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Wakenya wana sheria mahususi ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365. Karatasi zipo. Lakini karatasi hizo zote, ukizisoma kwa makini, zinamhitaji mtu mmoja aseme kwa wakati: mbwa yule wa nyumba ile ametoka tena.

Ndiyo maana sheria ninayoipenda kuliko zote katika mada hii haitoki London wala Roma. Inatoka Eshnunna, mji wa kale katika nchi ambayo leo ni Iraki. Katika miaka ya 1940, huko Tell Harmal pembezoni mwa Baghdad, wataalamu walifukua vibao vya udongo vyenye sheria za mji huo, sheria zenye umri wa takriban miaka 3,800. Mojawapo inahusu mbwa mkali. Wasomi wengine hulisoma neno lile kuwa mbwa mwenye kichaa. Inasema kwa ufupi kwamba wakuu wa mtaa wakiwa wamemjulisha mwenye mbwa, naye asimfungie ndani, na mbwa akamuuma mtu akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo ni shekeli 15. (Hiyo ya mtumwa inatukumbusha tusiwapambe sana wahenga wa mahali popote.)

Angalieni jinsi walivyolitatua swali la nani alijua. Hawakumwachia mwenye mbwa ajibu mwenyewe kuhusu yaliyomo moyoni mwake. Hawakumwachia aliyeumwa atafute mashahidi huku kidonda kikiwa wazi. Waliufanya ujuzi kuwa kazi ya mtaa. Mtaa ukishamjulisha, anajua. Hakuna cha kubishana. Neno walilolitumia kwa mtaa, babtum, lina mzizi mmoja na neno lao la lango. Kila nikipita mbele ya geti la mzee wetu nalikumbuka neno hilo.

Sasa nirudi mtaani kwetu, kwa sababu nimekuwa nikiichelewesha sehemu hii.

Kuna kijana alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli, nyumba hadi nyumba. Asubuhi moja ya mwaka jana alipita kwenye geti lile dakika chache baada yangu. Mimi na Simba tulikuwa tumevuka salama kwa mwavuli wetu, na wale watatu walibaki barabarani wakiwa bado na moto. Nilisikia madumu yakianguka. Niliporudi mbio nilimkuta kijana amekaa chini, suruali imechanika chini ya goti, damu ikichanganyika na maziwa kwenye vumbi. Mlinzi alikuwa akiwafukuza mbwa kwa ufagio huku akilia.

Tulikiosha kile kidonda kwa sabuni na maji ya bomba kwa robo saa nzima, nikiangalia saa. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza, na haisubiri hospitali. Kisha nikamuuliza mzee, aliyekuwa ametoka na msuli wake na uso umebadilika, kadi za chanjo za mbwa ziko wapi. Hazikuwepo. Mbwa watatu wa ulinzi, miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuchanjwa.

Tangu hapo jambo hili liliacha kuwa kero ya matembezi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, huwa ni kifo, na kwa hali ya tiba tuliyo nayo walionusurika duniani ni wachache wa kuhesabika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Asia na Afrika, na wengi ni watoto. Na hufa kwa ugonjwa ambao kinga yake ina umri mkubwa kuliko mataifa yetu: tarehe 6 Julai 1885, jijini Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Katika eneo letu, ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya karne moja imepita, na kijana wetu wa maziwa alianzia kituo kimoja cha afya ambacho hakikuwa na chanjo, akaelekezwa kingine ambacho kilikuwa nayo kwa fedha taslimu. Bei ya sindano moja ilizidi faida yake ya wiki nzima, na sindano si moja.

Mzee alilipa ya kwanza. Alinikabidhi fedha akiwa amezikunja kiganjani, akaniambia, "Mwalimu, hii ni kwa ubinadamu. Isije ikachukuliwa kuwa nimekiri kosa." Zilizobaki tulichangiana, mama wa vitumbua akiwa wa kwanza. Mbwa walifungwa wakaangaliwa kwa siku 10, kwa kuwa mbwa aliyeuma akiwa tayari anaambukiza kichaa, ndani ya muda huo huugua na kufa. Zilikuwa siku ndefu. Kila asubuhi nilipita bila Simba, nikachungulia kwenye tundu la geti na kuwahesabu: mmoja, wawili, watatu. Siku ya 10 wote walikuwa hai. Kijana alimaliza sindano zake, na kovu analo.

Afisa mmoja wa serikali ya mtaa aliyekuja kusikiliza shauri alimuuliza mzee swali ambalo tayari mnalijua. Je, ulijua kwamba mbwa wako ni wakali? Mzee akajibu kwa utulivu kwamba hakujua, hapajawahi kuwa na lalamiko. Nilinyoosha kidole kwenye kibao. Katika sheria ile tuliyorithi, kibao kama kile kinaweza kumgeukia aliyekitundika, kwa kuwa huwezi kuonya watu juu ya ukali usioujua. Lakini mzee hakuwa mjinga. "Hicho ni cha kutisha wezi. Kila nyumba inacho." Na ni kweli, kila nyumba inacho, hata zile ambazo hazina mbwa. Afisa akageukia daftari. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na lalamiko hata moja kuhusu nyumba ile.

Yangu hayakuwamo kwa sababu sikuyapeleka. Mimi ndiye niliyejua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Nilijua saa wanayotoka, nilijua yupi huanza, nilijua mbinu ya mwavuli. Nilikuwa nimekwenda kwa mzee mara moja, nikanywa chai yake, nikaondoka nikiwa nimetimiza adabu. Nilistahi uso wa jirani, na kijana wa maziwa, ambaye hakualikwa katika staha ile, ndiye aliyeilipia.

Wenzangu wanaharakati hupenda kusema kwamba tatizo la nchi hii ni sheria mbaya au serikali isiyowajibika. Mara nyingi nakubaliana nao. Katika jambo hili sioni hivyo. Kulikuwa na wakati ambapo serikali iliuweka ujuzi wa mtaa katika mfumo: katika miaka ya 1960 TANU ilianzisha mabalozi wa nyumba kumi, ambao walijua nani kafika, nani kagombana na mkewe, na bila shaka mbwa wa nani anazurura. Mfumo ule ulikuwa na ubaya wake, na wapo waliopelekwa mahali pabaya kwa maneno ya balozi. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, balozi alibaki kuwa wa chama, na ujuzi ule mdogo wa kila siku ukakosa mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa anaongoza mamia ya kaya. Hawezi kujua kisichoandikwa.

Ushahidi kwamba inawezekana tunao jirani. Kisiwani Pemba, ambako wengi huamini kwamba mbwa si suala la kuzungumzwa kwa kuwa wakazi karibu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii na mate ya mbwa kwao ni najisi, kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikaingizwa tena kutoka nje. Wakachanja tena, wakafuatilia kila aliyeumwa na kila mbwa aliyeuma, na 2018 kikaondoka mara ya pili. Wataalamu husema inatosha kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa ili mnyororo wa maambukizi ukatike. Waingereza waliwahi kuukata kwa njia nyingine: mwaka 1897 waziri wao wa kilimo, Walter Long, aliamuru mbwa wavishwe vifungo vya mdomo. Wenye mbwa walimtukana, wakaunda vyama vya kumpinga, na mwaka 1902 ugonjwa ukaisha nchini mwao. Ukarudi mwaka 1918 na mbwa walioingizwa kinyemela kutoka ng'ambo, wakaufukuza tena kufikia 1922. Pemba wamefanya kama wao, na bila kumfunga mbwa yeyote mdomo.

Mwezi mmoja baada ya tukio niliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, kurasa mbili, nikieleza nyumba, tarehe, saa, idadi ya mbwa, na nikaomba mwenye nyumba ajulishwe kwa maandishi. Niliipeleka mwenyewe. Mwenyekiti, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliisoma yote, akaiweka mezani, akaniuliza: "Mwalimu, na huyo wako ana kadi ya chanjo?" Nilimwambia anayo. Akaniambia nikailete. Nilikwenda nyumbani nikaitafuta kwenye droo, nikaikuta. Muda wake ulikuwa umekwisha miezi miwili nyuma.

Nilikaa kitandani kwa kitambo. Kisha nikamchukua Simba kwa afisa mifugo, akachanjwa, akalalamika zaidi ya watoto wangu, na siku iliyofuata nikarudi ofisini na kadi mpya. Mwenyekiti aligonga muhuri kwenye barua yangu, akaandika tarehe, akatoa nakala moja ya mzee. Aliipeleka kwa mkono wake na kumsainisha kwenye daftari la barua.

Mzee hajanikaribisha barazani tangu siku hiyo. Bado namwamkia, bado huitikia marahaba. Mbwa wake wamechanjwa, na asubuhi nyingi geti linakuwa limefungwa tunapopita. Jumanne iliyopita lilikuwa wazi tena, na mmoja alikuwa nje. Nilifupisha kamba, nikasogea kimshazari, na tulipofika kona nikatoa kalamu nikaandika: Jumanne, saa 12 kasoro dakika 10, mbwa mmoja.